Jumamosi ya Kwenda Kuvua Trauti

Wewe uliliona lile lori. Usiseme hukuliona. Lilipita mbele yako pale njia panda ya Machakos, mchanga umejaa mpaka unamwagika kingoni, na nyuma yake maji yalikuwa yakidondoka, yakichora mstari mweusi juu ya lami. Ukapandisha kioo vumbi lisikuingie, ukarudi kwenye simu yako. Yale maji yalikuwa ya kunywa. Yalikuwa na wenyewe. Na ile nyumba uliyohamia juzi kule Syokimau, yenye ukuta laini unaowaonyesha wageni, ukuta wake ulichotwa chini ya miguu ya watu ambao hujawahi kuuliza majina yao.

Basi mmoja wao anaitwa Wambua, na hii ni habari ya jinsi alivyotegwa. Hakutegwa kwa bunduki wala kwa karatasi ya korti. Alitegwa kwa samaki.

Wambua anakaa ng'ambo ya Mitaboni, mahali ambapo lami inachoka na kuwa njia ya ng'ombe. Mto wao una jina kwenye ramani, lakini wenyewe wanauita Usini, yaani mtoni, kwa kuwa hawana mwingine. Kiangazi, mgeni akiuangalia ataapa kwamba pale hakuna mto, ni mchanga mtupu umelala baina ya kingo mbili. Lakini piga magoti, chimba mpaka mkono uzame kufika kiwiko, utaona maji yanakuja polepole, baridi, safi kuliko ya bomba la mjini. Mchanga ndio tangi lao. Ukiubeba mchanga umebeba na maji, na kinachobaki ni jiwe.

Ndiyo maana kuna gogo. Ni gogo refu la mkaratusi, limelazwa juu ya mawe mawili pale ambapo njia inashuka mtoni, na lori haliwezi kushuka mpaka gogo litolewe. Liliwekwa na mwethya, kile kikundi cha majirani wanaolimiana na kujengeana, na mwethya ndio wanaolilinda kwa zamu. Zamu huko si ya mtu, ni ya nyumba. Mume akisafiri, mke anakaa. Mke akiugua, mtoto mkubwa anakaa. Hakuna jirani anayejiingiza kwenye zamu ya nyumba nyingine bila kuitwa. Kufanya hivyo ni kama kutangaza kwamba wale wenyewe wamekufa, na watu wa huko hawamtangazii mtu kifo chake akiwa bado anakunywa uji.

Jumamosi ilikuwa zamu ya kamati, nyumba tatu zikikaa pamoja: ya Musau mwenyekiti, ya Mbithi, na ya Wambua. Waliichukua kwa kujisifu, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku ambayo ofisi zimefungwa na malori yanakuja. Na kwa kujisifu huko huko Musau alisimama mbele ya baraza la chifu, mwaka ule madereva walipolalamika kwamba wanazuiwa ovyo, akasema maneno ambayo hayajawahi kumtoka mtu yeyote masikioni. Alisema, "Siku mtakayokuta gogo halina mtu, piteni. Mchanga utakuwa wenu." Watu wakapiga makofi. Chifu akasema yameandikwa. Hakuna aliyewaza kwamba itafika siku kama hiyo. Sisi ndio hatuchoki, bwana, ndivyo walivyojisemea.

Jeremiah alikuja mwishoni mwa Januari, jua likiwa limekausha mpaka michongoma ya ua. Ni mtoto wa hapo hapo, mama yake alikaa juu ya gogo lile mpaka mwaka aliokufa. Siku hizi yuko Mavoko na anasema yeye ni mtu wa ujenzi, bila kueleza anajenga nini. Alisimamisha gari kivulini, akamsalimu Wambua kwa mikono miwili, akamwita umau, babu, ingawa hawana damu moja. Kisha akafungua buti, akatoa mfuko mrefu wa turubai, na ndani ya mfuko kulikuwa na fimbo ya kuvulia.

Hapo Wambua aliketi chini.

Inafaa ujue kwa nini. Alipokuwa kijana Wambua alipata kazi ya kibarua juu ya Thika, kwenye milima ya Nyandarua, katika klabu ya wazungu waliokuwa wakivua trauti. Trauti ni samaki wa maji baridi, mwenye madoa mbavuni, na hakuwa wa nchi hii. Mababu za wazungu wale walimleta kutoka kwao wakammwaga mitoni ili wasikose la kufanya Jumapili. Uhuru ulikuwa umeshakuja, bendera imeshapanda, lakini habari hizo zilikuwa hazijafika mtoni. Kazi ya Wambua ilikuwa kubeba: mikoba, viatu vya mpira, chupa za chai, na samaki. Fimbo aliishika wakati wa kuifuta tu. Akasimama nyuma yao kwenye baridi, miaka, akitazama mkono unavyokwenda nyuma, unavyongoja kidogo, unavyokuja mbele, na mshipi unavyojinyoosha hewani na kulala juu ya maji bila sauti. Siku moja aliomba arushe mara moja tu. Waliangua kicheko, si kwa ubaya hata, na hicho kicheko kisicho cha ubaya ndicho alichorudi nacho Mitaboni. Mkewe Kavindu amezoea kumwona jioni, akidhani yuko peke yake, akipiga hewa kwa kijiti juu ya zizi la mbuzi.

"Umau," Jeremiah alisema, "mama alinihadithia hiyo story yako nikiwa mtoto. Mimi nataka urushe kabla hujachoka kabisa."

Alikuwa amepanga kila kitu. Wikendi moja, Ijumaa kujiandaa, Jumamosi asubuhi kuondoka, Jumapili jioni kurudi. Gari la kukodi, kubwa, lingewatoa Mitaboni, wapite Kangundo na Tala, watokee Thika, wapande Gatura, na mchana wawe mtoni. Leseni za kuvua angelipia yeye. Tenti zipo. Na asiende peke yake kama mtu aliyefiwa. Kamati yote iende, na wake zao, maana wamefanyia kijiji kazi na hakuna aliyewahi kuwaambia asante. Hapo tena alisema kweli. Hakuna aliyewahi.

Walikutana kupanga safari nyumbani kwa Musau, sebuleni, chini ya lile kabati ambalo juu yake pamekaa kombe kubwa la baharini, jeupe, limepauka kwa miaka. Ungewaona ungewaonea huruma. Watu wenye mvi wakigawana kazi kama watoto wa shule wanaokwenda kutembea: nani atabeba unga, nani makaa, nani sufuria yenye mfuniko. Mke wa Musau aliuliza kama sweta moja inatosha, na Wambua, ambaye kwa kawaida hasemi mkutanoni, alisema moja haitoshi, kule juu baridi inaingia kwa miguu. Wakamsikiliza. Akaendelea. Akawaeleza kuhusu yule mdudu wa manyoya anayefungwa kwenye ndoana, kwamba trauti hategwi kwa chakula, anategwa kwa kitu kinachofanana na chakula, na mvuvi hodari ni yule anayejua ni mdudu gani samaki anamngoja wiki hiyo. Wakatikisa vichwa. Lile jambo liliwapita wote masikioni, hata yeye aliyelisema.

Mbithi, ambaye hana mkutano asioufanyia mzaha, alikumbusha kwamba nyanya zao walikuwa hawali samaki, walikuwa wakisema ni nyoka aliyeogopa nchi kavu. Sasa wakimvua nani atamla? Mkewe, Ndunge, akasema yeye atabeba maharagwe, na asiulizwe.

"Kwa hivyo tunapanda mlima mzima," Kavindu alisema, "tukakule maharagwe kwa baridi."

Walicheka mpaka Musau akafuta macho. Ilikuwa zamani sana tangu nyumba hizo tatu zicheke pamoja mahali pasipo vumbi. Na katika kuulizana kote nani ataleta nini, hakuna aliyeuliza nani atabaki.

Kavindu ndiye aliyelikwaa swali hilo, na hakulikwaa kwa akili nyingi. Alilikwaa kwa mbuzi. Walikuwa na mbuzi aliyekaribia kuzaa, na Jumatano alimwambia mumewe kwamba afadhali yeye asiende, nafasi yake apewe mtoto wao Wendy, aje kutoka Nairobi ampeleke baba yake. Wambua akampigia Jeremiah simu kumwambia. Jeremiah akacheka, akasema haiwezekani, mwaitu, yaani mama, lazima awepo, safari bila mwaitu si safari. Kama shida ni mbuzi, ataleta mtu wa kumwangalia.

Wambua akasema basi wasogeze, waende Jumamosi inayofuata, mbuzi akiwa ameshazaa.

 Jeremiah akaanza kutoa ahadi. Kama gari ni dogo ataleta lingine. Kama tenti hawazipendi atawalipia vyumba Thika. Kama Gatura ni mbali kuna mabwawa ya trauti karibu zaidi, mtu anavua akiwa ameketi kwenye kiti. Chochote.

"Lakini tarehe haiwezi, umau," alisema. "Tarehe nimeshapanga na watu."

"Watu gani?"

"Watu wa huko juu."

Wambua aliweka simu juu ya meza. Kavindu alikuwa anachambua dengu, hakuinua kichwa. Alisema, "Baba Wendy, huyo mtoto hajakualika wewe. Amealika hiyo Jumamosi."

 Wambua alitoka nje akasimama kando ya zizi. Sasa, wewe unayesoma ungependa kuambiwa kwamba alikasirika, akapiga ngumi ua. Hakukasirika. Hasira ina gharama yake, na mtu aliyelinda mchanga kwa miaka hana akiba ya hasira. Alichohisi ni uchovu, ule wa mtu anayerudi shambani na kukuta ng'ombe wa jirani wameingia tena. Na chini ya uchovu huo, aibu ndogo: kwamba bado alitaka kwenda. Alijua sasa, na bado alitaka. Angeweza kufa bila kuona bahari, bila kuona ndege kwa ndani. Lakini ule mshipi kulala juu ya maji, akiwa yeye ndiye aliyeulaza, hilo alilitaka kama mtoto anavyotaka.

Alhamisi alikwenda kwa Musau. Hakumkuta na mtu. Akamweleza lote, la mbuzi, la tarehe, na alipomaliza macho yake yalikwenda yenyewe juu ya kabati, kwenye lile kombe la baharini. Musau aliona yalikokwenda.

Kila mtu Mitaboni anajua kombe lile lilikotoka, na hakuna anayelisema. Mwaka mmoja wa uchaguzi, gogo likiwa bado halijawazwa, mto ukilindwa na wazee wa wakati huo, alitokea mgombea akawapakia wazee kwenye basi kwenda Mombasa, kuona bahari. Musau alikuwa kijana, alikwenda kama mwandishi wa kikao. Waliona bahari. Walirudi na nazi na makombe. Kona ya mto iliyo chini ya kanisa, ile ambako mama zao walikuwa wakichota, ilikuwa jiwe tupu, na ni jiwe tupu mpaka leo, nenda ukaone. Wanawake wa upande ule wanapita njia ya Usini na mitungi, asubuhi, na wanapopita mbele ya nyumba ya Musau wanasalimia kwa heshima, na heshima hiyo humkata.

"Najua," Musau alisema. "Nilijua siku ya kwanza aliponiambia."

Akamvutia Wambua kiti.

"Mimi nimechoka, Wambua. Nimekaa kwa lile gogo mpaka kiuno changu kimekuwa gogo. Nimeandika barua mpaka wa posta ananiita kwa jina. Mchanga wataubeba, kama si wiki hii ni mwaka ujao, mimi na wewe tukiwa chini. Acha tukaone hata hiyo baridi."

Wambua akasema waite nyumba nyingine ishike zamu. Kuna vijana, kuna ile familia mpya upande wa Kathiani, wangekuja mara moja.

"Tukiwaita tutawaambia tunaenda wapi?"

Ndiyo hiyo. Ungeitafuta sababu kubwa ya mito kufa, ukaandikiwa kitabu na wataalamu, lakini iko hapo sebuleni kwa Musau: wazee watatu wanaona haya kusema wanakwenda kutembea.

Ijumaa jua likishuka Wambua alichukua mfuko wa turubai akateremka Usini. Kavindu alikuwa kisimani, akichota kwa kikombe na kujaza mtungi, kazi isiyotaka haraka kwa sababu maji ya mchangani hayaharakishwi. Wambua aliunga vipande vya fimbo. Akapitisha mshipi. Akafunga yule mdudu wa manyoya, mdogo kama punje ya mtama, wa kahawia, na vidole vikakumbuka fundo ambalo havikuwahi kuruhusiwa kulifunga. Kisha akasimama katikati ya mto usio na maji ya kuonekana, mkono ukaenda nyuma, ukangoja kidogo, ukaja mbele.

Mshipi ulinyooka wote. Ulipita juu ya mchanga kama uzi wa mwanga, ukalala bila sauti, na yule mdudu akatua ndani ya kisima cha Kavindu, juu ya maji yanayoenea karai moja.

Kavindu alimtazama mdudu, akamtazama mume.

"Umeshika kitu?"

"Bado naangalia," Wambua alisema. Akakunja mshipi taratibu. Akafungua fimbo kipande kwa kipande, akairudisha mfukoni kama mtu anayevisha mtoto.

Jumamosi asubuhi gari lilipiga honi nje ya ua, jeupe, safi, limefungwa makaa juu. Mbithi alikuwa dirishani tayari na kofia ya sufu, akaita kwamba trauti wamepiga simu, wanauliza kwa nini wazee wamechelewa. Ndunge alikuwa na sufuria ya maharagwe mapajani. Musau alikuwa kiti cha mbele, akitazama mbele.

Wambua alitoka na mfuko, akampa Jeremiah. Kisha akafungua kiganja, akamwekea na yule mdudu wa manyoya.

"Huyu pia ni wako," alisema.

Jeremiah hakujifanya haelewi, hilo mhesabie. Alisogea karibu, akaongea chini ili walio garini wasisikie. "Umau, nyinyi ni wawili na mwaitu anaumwa magoti. Mtafanya nini?"

"Tutakaa."

Gari liliondoka. Dirishani kofia ya Mbithi ilikuwa imegeuka kuwatazama, na haikuwa na mzaha. Musau hakugeuka.

Waliteremka polepole, Kavindu na kigoda, Wambua na chupa ya uji. Wakaketi juu ya gogo. Hawakungoja sana. Malori yalikuja yamefuatana, matupu, vijana wa kupakia wamesimama nyuma na sepetu, na la kwanza lilisimama karibu mpaka joto la injini likawafikia usoni. Dereva alichungulia. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyetumwa. Akasema aliambiwa leo gogo litakuwa halina mtu, na mwenyekiti mwenyewe alitamka barazani kwamba likiwa hivyo wapite.

"Alitamka," Wambua alisema. "Unaona halina mtu?"

Dereva akazima injini, akachukua simu. Vijana wakaanza kushuka mmoja mmoja, si kwa fujo, wakisubiri kuambiwa. Wambua aliwahesabu kwa macho, akaacha.  Mlimani, nyumba za majirani zilikuwa zinaonekana zote, milango wazi, watu wamesimama uani, mikono juu ya macho, wakitazama. Hakuna aliyeteremka. Zamu ilikuwa ya kamati. Hakuna aliyeitwa.

Hapo ndipo Kavindu alipofanya lile ambalo wanaume watatu walishindwa. Alisimama juu ya kigoda, na magoti yake hayo, akaweka mikono mdomoni, akaelekea mlimani. Hakuficha chochote.

"Kamati imeenda kutembea!" aliita. "Tumebaki wawili! Tunawaita!"

Sauti yake ni nyembamba lakini bonde lile linabeba. Mlango mmoja ulifungwa. Mahali pengine mwanamke aliweka mtungi chini, akaanza kushuka. Nyuma yake, labda, mwingine. Vumbi la malori lilikuwa halijatulia, haikuonekana vizuri. Dereva alikuwa bado kwenye simu, akisema ndiyo mkubwa, ndiyo, na akirudisha mkono kwenye ufunguo.

Sasa na wewe umesikia. Huwezi tena kusema si zamu yako, wala kwamba hukuitwa. Lile gogo ni refu, nafasi ipo, na wazee wawili hawatalijaza. Shusha kioo. Acha hiyo simu. Geuza gari pale pale ulipo, shika njia ya Mitaboni, na mtu yeyote atakuonyesha Usini ni wapi. Njoo ukae. Njoo sasa, injini haijawashwa.